Si Kila Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Waama, methali hii ina ukweli mwingi. Hata hivyo, maisha ya Everett Lee, Mmarekani mweusi aliyeongoza okestra, opera na michezo ya nyimbo, yanatulazimu tuitazame upya. Lee alicheza kwao, tena akacheza vyema, lakini tuzo yake aliipata ugenini.

Yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe. Kiongozi wa okestra husimama mbele ya wanamuziki sitini, themanini au hata mia moja, kifimbo mkononi, wala hapigi ala yoyote. Yeye huamua mwendo, huashiria nani aingie lini, na huhakikisha kwamba tarumbeta hazizimezi fidla. Katika opera mzigo huo huzidi, kwani waimbaji wako juu jukwaani na wapigaji wako chini shimoni, naye ndiye kiungo baina yao. Katika michezo ya nyimbo ya Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho mjini New York, mchezo mmoja huonyeshwa mara nane kwa juma, naye hana budi kuupa uhai ule ule kila usiku. Ni nadra mtu mmoja kuyamudu yote matatu.

Lee alizaliwa mwaka wa 1916 huko Wheeling, West Virginia, akakulia Cleveland, Ohio. Alijifunza fidla tangu utotoni. Alipokuwa kijana akifanya kazi hotelini, alifahamiana na Artur Rodzinski, kiongozi wa okestra ya Cleveland, ambaye alimtia moyo. Baadaye alihamia New York kupiga fidla katika Carmen Jones, mchezo ulioanza Broadway mwaka wa 1943 na ambao ulitokana na opera ya Bizet, waigizaji wake wote wakiwa weusi. Siku moja kiongozi wa muziki aliposhindwa kufika, Lee alikishika kifimbo. Mwaka wa 1945 Leonard Bernstein alimkabidhi uongozi wa muziki wa On the Town. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu mweusi kupewa dhamana hiyo Broadway katika mchezo ambao haukuwa wa waigizaji weusi pekee.

Je, milango ilifunguka? La, hasha! Alipobisha hodi kwa wakala mmoja mkubwa wa wanamuziki, aliambiwa waziwazi kwamba hapakuwa na nafasi ya mtu mweusi mbele ya okestra za nchi ile.

Hapa ndipo penye kiini cha dhuluma yenyewe. Mpiga fidla aliyenyimwa kazi aweza kujifungia chumbani akaendelea kujinoa. Mwandishi aliyekataliwa hubaki na kalamu yake. Lakini ala ya kiongozi wa okestra ni watu. Ukimnyima watu, hukumnyima mshahara tu, bali umemnyima hata fursa ya kujifunza, kisha kesho utasema kwamba hana ujuzi! Ubaguzi wa namna hii hujitafutia ushahidi wake wenyewe.

Lee alilitambua jambo hilo. Mwaka wa 1947 aliunda okestra yake mwenyewe, Cosmopolitan Symphony Society, iliyochanganya wanamuziki weusi na weupe, wake kwa waume. Mwaka wa 1953 aliiongoza okestra ya Louisville, Kentucky, katika eneo la kusini ambako ubaguzi ulikuwa sheria. Mwaka wa 1955 aliongoza La Traviata ya Verdi katika New York City Opera, jambo ambalo hakuna mtu mweusi aliyekuwa amelifanya katika kampuni kubwa ya opera nchini Marekani.

Hata baada ya sifa zote hizo, kazi ya kudumu haikupatikana. Alikwenda Ujerumani, na kuanzia 1962 hadi 1972 akawa kiongozi mkuu wa okestra ya Norrköping nchini Uswidi. Baadaye aliongoza okestra ya Bogotá, Kolombia. New York Philharmonic, okestra kongwe kuliko zote Marekani, ilimwalika kuiongoza kwa mara ya kwanza Januari 1976, akiwa na umri wa miaka 59. Alifariki Januari 2022 huko Malmö, Uswidi, akiwa amefikisha miaka 105.

Wako watakaosema kwamba mwisho wake ulikuwa mwema. Naam, kwake huenda ulikuwa mwema. Lakini nani atahesabu tamasha ambazo watu wa Cleveland na New York hawakuzisikia, au watoto weusi ambao hawakumwona mtu afananaye nao akiwa amekishika kifimbo? Anayemfukuza mchezaji wake hubaki na uwanja mtupu.

Mwalimu aliye na kwaya shuleni ana kifimbo mkononi. Asimpe mwanafunzi mmoja tu anayempendeza, wala asingoje hadi mtoto awe hodari ndipo amruhusu kusimama mbele ya wenzake, kwa kuwa uhodari wa kuongoza hupatikana kwa kuongoza. Naye mwanafunzi aliyefungiwa mlango akumbuke okestra ya mwaka wa 1947. Methali ya wahenga haitatimia yenyewe. Mcheza kwao hutunzwa pale tu ambapo watu wa kwao wamekubali kumtazama.