Kipimo cha SWR na Mchepuo wa Tyuna: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Antena

Redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu binafsi wenye leseni, yanayofanywa si kwa biashara bali kwa kujifunza, kufanya majaribio na kusaidiana. Nchini Tanzania leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na vituo vya nchi hii hutambulika kwa alama inayoanza na 5H. Mwanaredio wa Kunduchi au wa Mbagala aweza kutundika waya kati ya minazi miwili, akatumia wati 100 tu, na akasikika katika bara jingine. Lakini sharti ajue kama nguvu ya transmita yake inafika katika waya huo au inapotea njiani. Kipimo cha SWR humsaidia kujua jambo hilo. Nacho humpotosha asiyejua kukisoma.

Wimbi linaporudi

Wimbi la bahari likipiga ukuta wa mawe hurudi lilikotoka, na likipanda mchanga wenye mteremko humalizikia hapo. Mawimbi ya redio yanayosafiri katika kebo hufanya vivyo hivyo. Kebo itumiwayo na wanaredio wengi ina ukinzani wa om 50. Iwapo antena nayo ina ukinzani huo, nguvu yote inayoifikia hupokewa. Ikiwa na ukinzani tofauti, sehemu ya nguvu hurudi, na mawimbi yaendayo yakikutana na yarudiyo hufanya mawimbi tuli.

SWR ni uwiano wa mawimbi tuli hayo. Kipimo kikisoma 1, hakuna kinachorudi. Kikisoma 2, asilimia 11 hivi ya nguvu hurudi. Na kikisoma 3, hurudi robo nzima.

Kazi ya tyuna na ya mchepuo

Tyuna ni kisanduku chenye koili na kapasita, ambacho kwa kawaida huwekwa mezani kando ya transmita. Kazi yake ni kusawazisha ukinzani ili transmita ione om 50 hata kama antena haina om 50. Yafaa tusisitize hapa kwamba tyuna haibadilishi antena, wala haibadilishi kinachotendeka katika kebo iliyo mbele yake. Mawimbi huendelea kwenda na kurudi kati ya tyuna na antena, na kila yapitapo katika kebo sehemu yake hugeuka joto. Kwa hiyo SWR ya 1 inayosomwa kati ya transmita na tyuna ina maana moja tu: transmita imeridhika. Haisemi kwamba antena inarusha.

Ndiyo sababu tyuna nyingi zina swichi ya mchepuo. Swichi hiyo huziondoa koili na kapasita njiani, nguvu ikapita moja kwa moja, na kipimo kikaonyesha hali ya kebo na antena kama ilivyo.

Hatua za uchunguzi

Tumia nguvu ndogo, wati 5 au 10, na kwanza sikiliza uhakikishe kwamba masafa hayo hayatumiwi na mtu mwingine. Kipimo kiwe kati ya transmita na tyuna.

Kwanza, ipime tyuna yenyewe. Unganisha mzigo bandia wa om 50 mahali pa antena, kisha weka mchepuo. Kipimo kisome karibu na 1. Kikisoma zaidi, iondoe tyuna kabisa, uunganishe mzigo huo kwenye kipimo bila tyuna. Kikirudi kwenye 1, hitilafu imo katika tyuna au katika kebo fupi iliyoiunganisha. Mara nyingi ni ncha za swichi au za rilei zilizoshika kutu, jambo la kawaida penye hewa ya chumvi na unyevu kama pwani yetu.

Pili, rudisha antena, mchepuo ukiwa bado umewekwa, upime katika masafa kadhaa, kwa mfano megahezi 7.0, 7.1 na 7.2. Kipimo kikiwa kidogo zaidi upande wa chini, waya ni mrefu mno. Kikiwa kidogo upande wa juu, ni mfupi mno. Urefu wa kuanzia, kwa mita, ni 143 kugawanya kwa megahezi, kwa 7.1 ni mita 20 hivi. Paa la mabati lililo karibu na waya laweza kubadili hesabu hiyo.

Tatu, ipime kebo. Peleka mzigo bandia kwenye ncha ya juu. Kipimo kisome 1. Kisha uondoe mzigo, ncha ibaki wazi. Sasa kipimo sharti kipande sana, kwa kuwa nguvu yote iliyofika kule inarudi. Kisipopanda, kebo imeharibika.

Kebo mbovu yenye kipimo kizuri

Hatua hii ya tatu wengi huiruka, nayo ndiyo yenye funzo kubwa. Tuseme maji ya masika yameingia katika kebo, ikawa inapitisha robo tu ya nguvu, na juu kule waya wa antena umekatika. Wati 100 zikitumwa, zitafika 25. Zote zitarudi, lakini zitakazofika chini ni robo ya 25, yaani 6.25. Kipimo kitasoma takriban 1.7, na mwenye kituo atafurahi, hali harushi chochote. Ni kama wimbi lililopita katika mikoko, likagonga ukuta, likarudi tena katika mikoko: aliye nje huona maji yametulia, akadhani hakuna ukuta.

Kwa hiyo, SWR ikipungua yenyewe katika masafa yote bila mtu kuigusa antena, ishuku kebo. Katika mafuriko ya Desemba 2011 maji yalikata njia na kuwahamisha watu wengi wa bonde la Msimbazi. Siku kama ile, kituo kinachoaminiwa bure kwa sababu kipimo ni kizuri ni hatari kuliko kituo kinachojulikana kuwa kibovu.

Zoezi kwa wanafunzi

Kebo nzima inapitisha theluthi mbili za nguvu, na ncha yake ni wazi. Tafuta SWR itakayosomwa chini. Kumbuka kwamba kipeuo cha pili cha sehemu ya nguvu inayorudi, tukiite r, hutoa SWR kwa kanuni (1 + r) ÷ (1 − r). Jibu ni 5. Linganisha na ile 1.7 ya hapo juu, nawe utaona kwa nini, katika jaribio hili, kipimo kikubwa ndicho habari njema.