Mdundo wa Karibi kwenye wimbo wa kwanza wa msanii wa Dar

Msanii chipukizi wa Tandika au Manzese akiingia studio kurekodi wimbo wake wa kwanza wa kuchezeka, swali la mapema kutoka kwa prodyuza ni: biti gani? Mara nyingi jibu ni dancehall au zouk. Ya kwanza ni ya Jamaika, ya pili ya Guadeloupe na Martinique. Kwa nini iwe hivyo, wakati mtaa una singeli yake?

Anza na mdundo wenyewe. Hesabu moja hadi nane bila kuharakisha, kisha gonga meza kwenye moja, nne na saba tu. Tatu, tatu, mbili. Huo ndio uti wa mgongo wa dancehall, wa zouk na wa nyimbo nyingi za Bongo Fleva. Wala si mgeni Afrika: watumwa walivuka Atlantiki na ngoma zao, na midundo ya aina hii ikakulia visiwani kabla ya kurudi huku kwenye santuri.

Ilirudi kwa awamu. Kwanza zilikuja santuri za Kikyuba za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933. Athari yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba bendi ya Salum Abdallah kule Morogoro iliitwa Cuban Marimba. Miaka ya 1980 ikaja zouk ya Kassav', kundi lililoundwa mwaka 1979. Kisha ikaja raga ya Jamaika, na hapo ndipo anapoingia Dully Sykes. Wimbo wake wa mapema, Julieta, ulimtambulisha kama kijana wa Dar anayechana kwa mtindo wa raga lakini kwa Kiswahili cha mjini. Wengi waliomfuata walipita njia aliyoifungua, wakijua au wasijue.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Dancehall hukaa karibu na midundo 100 kwa dakika. Singeli hupita 200. Kwenye singeli, ufundi ni wa mtu wa kuchana haraka, na sauti ya kuimba haina pa kupumzika. Kiswahili kina maneno marefu yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ule mwendo wa tatu-tatu-mbili humwachia mwimbaji nafasi ya kulitamka neno zima likasikika. Kwa msanii ambaye hakuna anayemjua, kusikika jina na maneno ni nusu ya kazi.

Lakini hapo kuna bei. Vigodoro vya Mbagala haviendi kwa mwendo huo. Usiku ukikolea, DJ anataka singeli. Wimbo wa dancehall utapigwa redioni na baa, na huenda mtaa wake mwenyewe usiucheze. Binafsi naona ni hesabu ya haki, ili mradi msanii aijue kabla ya kulipia studio.

Asichokijua wengi ni habari ya umiliki. Jamaika wana desturi ya waimbaji wengi kuimba juu ya biti moja, wanayoiita "riddim". Vijana wetu wameichukua desturi hiyo nusu: wanashusha biti iliyoandikwa "bure" mtandaoni na kuimba. Kule Jamaika riddim ina mwenyewe, na prodyuza ndiye huwaita waimbaji. Biti ya mtandaoni nayo ina mwenyewe. Wimbo ukishika, mfumo wa YouTube unaweza kuitambua biti hiyo, na mapato yakaenda kwa aliyeisajili.

Kwa hiyo, kabla ya kuingiza sauti, omba leseni kwa maandishi inayosema kama biti ni yako peke yako au inauzwa kwa wengine pia. Ukiwa na karatasi hiyo, wimbo unaweza kusajiliwa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, nawe utakuwa na ushahidi mtu mwingine akijitokeza baadaye kudai biti.