Karanga, Korosho na Uzito wa Mwili: Kipimo Ndicho Kinachoamua

Wapo wananchi wanaoepuka karanga na korosho kwa hofu ya kunenepa, na wapo wanaozila bila kipimo kwa kuamini kuwa chakula cha asili hakiongezi uzito. Makundi yote mawili yanahitaji ufafanuzi, kwa kuwa unene uliokithiri huchangia ugonjwa wa kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Ni kweli kwamba vyakula hivi vina nishati nyingi. Gramu 100 za karanga hutoa takriban kilokalori 570 na korosho takriban 550, wakati kiasi hichohicho cha unga wa mahindi hutoa takriban 360. Sababu ni mafuta: gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au protini ina kilokalori 4.

Hata hivyo, si nishati yote hiyo inayoingia mwilini. Sehemu ya mafuta hubaki ndani ya kuta za chembechembe za punje, ambazo meno na tumbo havizivunji kikamilifu, na hutoka pamoja na choo. Mwaka 2018, utafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani ulibaini kuwa gramu 28 za korosho huupa mwili wastani wa kilokalori 137, badala ya 163 zilizokuwa zikikadiriwa. Aidha, protini na nyuzinyuzi zilizomo humfanya mlaji ashibe kwa muda mrefu.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wataalamu wa afya nchini Marekani kwa zaidi ya miaka 20. Walioongeza ulaji wa vyakula vya jamii ya karanga kwa takriban gramu 14 kwa siku waliongezeka uzito kidogo kuliko wengine. Matokeo hayo yanaonesha uhusiano tu, wala hayathibitishi kuwa karanga hupunguza uzito.

Faida hupatikana karanga zinapochukua nafasi ya chakula kingine. Anayekula konzi moja ndogo, yaani takriban gramu 28, badala ya maandazi au soda, hubadilisha mlo wake. Anayeila juu ya mlo kamili huongeza nishati. Vivyo hivyo, kisamvu kilichoungwa kwa karanga hakihitaji mafuta mengi ya kupikia, kwa kuwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina takriban kilokalori 120.

Namna ya kuandaa nayo ina uzito wake. Kashata huongezewa sukari, na karanga za kukaangwa kwa mafuta huongezewa mafuta na mara nyingi chumvi. Kusaga nako huvunja kuta za punje, hivyo mafuta hufyonzwa kwa urahisi zaidi.

Wananchi wanashauriwa kuchagua karanga zilizokaushwa vizuri na kutupa zenye ukungu au zilizosinyaa, kwa kuwa zinaweza kuwa na sumukuvu inayodhuru ini. Watoto wadogo wasipewe punje nzima, kwani zinaweza kuwapalia. Mwenye mzio wa karanga aziepuke kabisa, na mwenye kisukari au anayetaka kupunguza uzito apate ushauri katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu naye.