Chupa ya pilipili iliyobeba jina la meli

Huenda umeiona mitandaoni, kama si mezani: chupa ya plastiki yenye sosi nyekundu, kifuniko cha kijani na picha ya jogoo. Siku ukiishika, isome vizuri. Sriracha ni jina la mji huko Thailand. Lakini kampuni inayoitengeneza, Huy Fong, iliitwa hivyo kwa sababu ya meli.

Meli hiyo ya mizigo, Huey Fong, ilifika nje ya Hong Kong Desemba 1978 ikiwa na wakimbizi zaidi ya 3,300 kutoka Vietnam. Walizuiwa kushuka, wakakaa majini wiki kadhaa. Ndani yake alikuwemo David Tran, ambaye tayari alikuwa akiuza sosi ya pilipili kwao. Mwaka wa 1980 akaanza upya mjini Los Angeles. Jogoo naye? Tran alizaliwa 1945, mwaka wa jogoo.

Sasa utauliza, huyu ni Mvietnam ama Mchina? Ni wote wawili. Ni Mhoa, jina wanaloitwa Wachina wa Vietnam. Mababu zao walitoka kusini mwa China vizazi vingi vilivyopita, na wengi wakafanya makao Cholon, mtaa ambao leo uko ndani ya Ho Chi Minh City. Cholon maana yake ni soko kubwa, na kweli biashara ya mchele ilikuwa mikononi mwao. Humo bado kuna hekalu la Thien Hau, mungu wa kike anayewalinda wasafiri wa baharini. Waliofika salama walikuwa na sababu ya kumshukuru. Hawakujua kwamba wajukuu wao watarudi baharini.

Shida zilianza mapema. Mwaka wa 1956 serikali ya Ngo Dinh Diem iliwapiga marufuku wageni kufanya kazi 11, nao Wachina waliozaliwa humo wakalazimishwa kuwa raia wa Vietnam. Halafu Machi 1978, miaka mitatu baada ya vita kuisha, serikali ya kikomunisti ilifunga biashara za watu binafsi. Maduka ya Cholon yakavamiwa, mali ikachukuliwa. Uhusiano na China nao ulikuwa unaharibika, na mapema 1979 nchi hizo mbili zikapigana. Hebu fikiria kuitwa adui kwa sababu ya kijiji alikotoka babu wa babu yako. Wengi walitoa dhahabu ili wapate nafasi kwenye chombo, na si wote waliofika.

Kama ulitazama *Everything Everywhere All at Once*, basi unamjua Ke Huy Quan. Alizaliwa Saigon katika familia ya watoto tisa. Walipotoroka mwaka wa 1978, familia iligawanyika: yeye, babake na ndugu watano wakaishia kambini Hong Kong, mamake na watoto wengine watatu Malaysia. Walikutana tena Marekani. Baadaye, akisaka kazi za uigizaji, aliambiwa ajiite Jonathan, jina rahisi kwa Wamarekani. Aliporudi kwenye filamu alirudi na jina lake la kuzaliwa, na ndilo lililosomwa aliposhinda Oscar Machi 2023. Akiwa jukwaani alimtaja mamake, wakati huo mwenye miaka 84, aliyekuwa nyumbani akitazama runinga.

Majina haya, kwa kweli, ndiyo yanayonivutia zaidi. Chukua Tran. Ni herufi moja tu ya Kichina, lakini Hong Kong inasomwa Chan, Beijing Chen, na Singapore wengi huiandika Tan. Kwa hivyo ndugu wa ukoo mmoja, waliotawanywa na mashua tofauti, wanaweza kuwa na vitambulisho visivyofanana hata kidogo. Ukitaka kujua kama mnahusiana, jina la paspoti halikusaidii. Inabidi umwombe nyanya aandike ile herufi ya zamani kwa mkono wake.