Chaja ya Kudumu katika Gari la Porini

Gari la porini haliharibiwi na mwendo peke yake, kwani vimo viungo vyake ambavyo huharibika kwa kukaa bure, na cha kwanza katika hivyo ni betri. Pale Arusha, ambako Land Cruiser zenye mapaa ya kunyanyuliwa huchukua watalii kwenda Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, masika ya Aprili na Mei huzipumzisha nyingi kwa muda mrefu, kwa kuwa kambi kadhaa hufungwa na njia hujaa tope. Mwenye gari huliosha, akabadilisha oili, akalifunika turubai, kisha akaenda zake akiamini kwamba ameliacha katika siha njema, ilhali chini ya boneti uharibifu umekwisha kuanza.

Betri ya risasi ya gari, ambayo asili yake ni ile aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina vyumba sita vya volti 2 na kitu kila kimoja, na ndani yake mna sahani za risasi zilizozama katika asidi na maji. Kila inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya sahani hizo. Ikichajiwa upesi, salfeti hurudi ilikotoka, lakini ikiachwa majuma mengi huganda ikawa fuwele ngumu, na hapo kuihuisha betri huwa karibu na muhali. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.0 imebakiwa na takriban robo tu, ingawa taa zingali zikiwaka na kumhadaa mwenyewe. Saa, redio na king'ora cha wizi havilali: vikinywa miliampea 50 usiku na mchana, kwa siku 30 vitakuwa vimekwisha kunywa ampea-saa 36, nayo ni zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 70.

Wengi hudhani kwamba kuunguruza injini robo saa kila juma kunatosha. Kwa rai yangu dawa hiyo ni dhaifu, maana betri ya risasi hupokea sehemu yake ya mwisho polepole mno, kwa saa nyingi, na alteneta ya gari lililosimama haipewi saa hizo.

Ndiyo sababu naisifu chaja inayofungwa kwa bolti ndani ya gari lenyewe, nyaya zake zikiwa zimeungwa daima kwenye betri, na plagi yake ikatokeza karibu na bampa ili ichomekwe katika umeme wa nyumba wa volti 230. Tena si kama zile chaja za kale zilizosukuma umeme bila kujua kikomo hata maji ya betri yakachemka. Hii hujaza kwa nguvu mpaka kiasi cha volti 14.4, hushikilia hapo huku mkondo ukipungua, kisha hushuka ikakaa karibu na 13.5, ikirudisha tu kile kinachovuja. Atakayeinunua atazame kwamba ampea zake hazipungui sana chini ya sehemu ya kumi ya ukubwa wa betri, kwamba inaifaa aina ya betri aliyo nayo, na kwamba gari lake ni la volti 12 kweli, kwa kuwa baadhi ya Land Cruiser za dizeli za zamani ni za volti 24. Fauka ya hayo, kwetu ambako umeme hukatika na kurudi, ni sharti chaja iwe yenye kuendelea na kazi yenyewe umeme urudipo, bila kungoja mtu abonyeze kitufe.

Kuifunga ndiko kunakotaka fundi mwenye subira. Achague mahali palipo mbali na joto la bomba la moshi, na juu ya kimo cha maji wakati wa kuvuka korongo, kisha aikaze kwa nati zisizolegea, kwani barabara zetu za changarawe hutikisa kila kitu. Kabla ya kugusa waya wowote aondoe kwanza waya wa hasi wa betri. Fyuzi ya waya wa chanya iwe shubiri moja tu kutoka betrini, si kule kwenye chaja, ili waya ukichubuka popote njiani fyuzi ikatike kabla moto haujashika. Kila tundu la bati ambalo waya unapita livalishwe kipete cha mpira, maana ukingo wa bati hukata mpira wa waya kidogo kidogo kila gari linapotikisika. Waya wa ardhi wa chaja uungwe na bodi la gari bila kukosa, na soketi ya nyumbani iwe na swichi inayokata umeme ukivuja. Na kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo, pale panapoegeshwa pawe na hewa, wala pasivutwe sigara.

Mwenye betri ya pili ya friji atafute chaja yenye njia mbili, kila betri ipate haki yake. Kazi ikiisha, apime kwa mita plagi ikiwa imechomekwa, apime tena kesho yake. Na kila achomekapo afunge kitambaa chekundu kwenye usukani, ili dereva asiondoke na waya ukiwa ungali ukutani.