Swali Aliloulizwa Baba



Fungua Injili ya Marko, sura ya 9. Baba anamleta mwanawe ambaye huanguka, hutokwa na povu, na mara nyingi ameangukia motoni na majini. Nimeisoma habari hii miaka mingi nikikimbilia muujiza, nikaruka jambo moja dogo. Kabla ya kumponya mtoto, Yesu alimgeukia mzazi akataka kujua hali hiyo ilianza lini. Baba akasimulia. Huenda ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikiliza bila kumlaumu.

Kuwasikiliza wazazi wa namna hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka mingi muuguzi mmoja wa Marekani, Joan Austin wa Chuo Kikuu cha Indiana. Wakati madaktari wanapima ubongo wa mtoto, yeye aliiuliza familia inaishije. Aliwalinganisha watoto wenye kifafa na wenye pumu, akakuta wale wa kifafa wanapata shida zaidi shuleni, moyoni na kati ya wenzao. Mwaka 2001, yeye na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa na matatizo ya tabia hata kabla ya kifafa kutambuliwa, kuliko ndugu zao wa nyumba moja. Mama unayejilaumu kwamba umemharibu mtoto kwa kumdekeza tangu augue, pumua kidogo hapo.

Sisi wa Lushoto jambo hili si geni. Wamisionari walioanza kazi Mlalo mwaka 1891 walitumwa na chama kilicholelewa na Bethel, Ujerumani, kwa Mchungaji Bodelschwingh. Na Bethel yenyewe ilianzishwa mwaka 1867 ikiwa makao ya wagonjwa wa kifafa! Kumbe waliotuletea Injili milimani walitoka mahali ambapo mtu aangukaye alipewa kitanda, kazi na nafasi ibadani. Na Lutindi nayo ilikuwa kwanza makao ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye hospitali ya wagonjwa wa akili.

Lakini bado tunaficha watoto. Bado wapo wanaoogopa povu, kana kwamba kifafa huambukiza. Hakiambukizi. Dk. Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, aliwatibu wagonjwa wenye makovu ya moto. Watu waliogopa hata kumvuta aliyeangukia mafigani.

Nami nina langu la kuungama. Katika kikundi kimoja cha maombi nilimsikia ndugu akimwambia mama aache kumpa mtoto vidonge, aamini tu. Nikanyamaza. Kuacha dawa hizo ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na nilijua. Maombi na vidonge havigombani. Aliyekosea siku ile ni mimi niliyejua nikakaa kimya.

Leo ibadani, tazama benchi la nyuma, karibu na mlango. Pengine kuna mama amekaa pale makusudi, ili mtoto akianguka atoke naye haraka, watu wasigeuke. Baada ya ibada usimpite kwa "poleni" ya haraka. Keti naye. Muulize ilianza lini, na umwache amalize. Jumapili ijayo mwombe akae nawe mbele, na mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, kaa naye mpaka aamke.