Risasi, Kiasi na Kalibu: Juu ya Kuchagua Kiasi cha Bunduki ya Kuwinda na Jinsi ya Kukitaja kwa Kiswahili

Anayetafsiri kwa Kiswahili ukurasa mmoja tu wa Kifaransa unaohusu uwindaji hukwama mapema. Kifaransa kinasema «balle», «cartouche», «plomb», «douille». Naye anaandika risasi, risasi, risasi, ganda la risasi. Matokeo yake ni sentensi ya namna hii: «Mwindaji achague risasi ambayo risasi yake ina uzito wa kutosha.» Sentensi hiyo haina kosa la sarufi hata moja, lakini haimfundishi mtu lolote. Na jambo lenyewe si la mchezo. Mwindaji aliyekosea kuchagua humwacha nyati aliyejeruhiwa kichakani, na atakayekutana na nyati huyo kesho yake huenda asiwe mwindaji bali mama aliyetoka kutafuta kuni.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo si wa lugha yenyewe. Kiswahili kilikuwa na maneno ya kutosha zamani, nacho kiliyapata kutokana na bunduki ya kale iliyoitwa gobori. Kwa hiyo ni afadhali kuanzia huko, kisha kuja kwenye viasi vya kisasa na masafa marefu.

Bunduki zilifika Maniema na sehemu nyingine za mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Unguja na Bagamoyo, ikapitia Tabora na Ujiji. Zilikuwa bunduki za kushindilia kwa mdomo. Mwenye gobori hupima baruti kwa mkono wake, huimimina ndani ya mtutu, huweka utambaa au nyuzi za mti, huishindilia kwa mdeki, halafu hutia risasi. Kama ni bunduki ya gumegume, cheche hutoka kwenye jiwe. Kama ni ya fataki, kofia ndogo ya shaba huwekwa kwenye chuchu ya bunduki na kugongwa na nyundo. Kila kitu kilipita vidoleni mwa mwindaji peke yake, na kwa sababu hiyo kila kitu kilikuwa na jina lake. Baruti ni neno lililofika kwa njia ya Kiarabu, kama yalivyofika bunduki na risasi. Risasi kwa asili ni madini yenyewe, yaani ile metali nzito laini inayoyeyuka upesi motoni. Kokwa iliyotupwa kutoka katika madini hayo ikachukua jina lake. Chembe ndogo ndogo za kupigia ndege ziliitwa marisau. Na ile baruti iliyopimwa, tayari kwa mlio mmoja, iliitwa kiasi. Kamusi za karne ya 19 zinaandika wazi «kiasi cha bunduki» kwa maana ya kile ambacho Kifaransa hukiita «cartouche». Neno hilo lilikuwa kazini kabla mababu wa wasomaji wa leo hawajazaliwa.

Kwa nini basi lilisahaulika? Sababu mojawapo ni ya kisiasa. Mkataba wa Brussels uliotiwa sahihi tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingizwa kwa bunduki zenye michirizi na silaha nyingine za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini ya ikweta mpaka digrii 22 kusini. Kilichoruhusiwa kuuzwa, tena kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizo na michirizi pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Mkataba ulidai kupiga vita biashara ya utumwa. Lakini vilevile ulitenga watu makundi mawili mbele ya silaha. Askari wa Force Publique alipewa Albini ya milimita 11, yenye kiasi kilichotengenezwa kiwandani, naye akaagizwa kwa amri za Kifaransa. Mwanakijiji akabaki na gobori lake na maneno yake. Hivyo maneno ya zamani hayakupata nafasi ya kuhamia kwenye chombo kipya, na chombo kipya kikaingia vinywani kwa majina ya kigeni. Hata neno risasi lilibadilika njiani: silabi yake ya kwanza ilisikika kama kiambishi cha umoja, ndipo Kilingala kikapata lisasi na masasi, na masasi hiyo husikika mpaka leo katika Kiswahili cha Kongo.

Kiasi cha kisasa ni vitu vinne vilivyofungwa pamoja. Kuna ganda la shaba nyeupe au la chuma, kuna fataki kwenye kitako cha ganda, kuna baruti ndani yake, na kuna risasi iliyobanwa mdomoni. Risasi peke yake ndiyo inayotoka na kumfikia mnyama. Vitu vitatu vingine huishia mikononi mwa mpigaji au moshini. Ndiyo maana kusema «risasi» kwa vyote vinne ni sawa na kuita gari zima «abiria».

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipovumbua baruti isiyotoa moshi. Baruti nyeusi ya kale husukuma polepole. Aliyetaka nguvu zaidi hakuwa na njia ila kuongeza unene wa risasi, na bunduki za wawindaji wa tembo wa wakati ule zilikuwa karibu na mizinga midogo. Baruti mpya iliipa risasi mwendo ambao haukujulikana kabla yake. Bunduki ya Lebel ya mwaka 1886 ilikuwa na kipenyo cha milimita 8 tu, lakini risasi yake ya gramu 15 ilitoka kwa zaidi ya mita 600 kwa sekunde. Nguvu ya risasi hukua kulingana na uzito wake, lakini hukua kulingana na mraba wa mwendo wake: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Tangu hapo unene peke yake haukutosha tena kumwambia mtu kama kiasi ni kikali au la.

Hapo ndipo penye mtego wa majina. Neno «calibre» la Kifaransa hudhaniwa na wanaisimu wengi kuwa limetoka katika Kiarabu «qalib», maana yake chombo cha kutupia madini yaliyoyeyushwa. Kiswahili kina neno hilohilo bila kupitia Ulaya: kalibu. Yaani anayesema «kalibre» mjini Lubumbashi na fundi anayesema «kalibu» wanatumia neno moja lililosafiri kwa njia mbili. Lakini tarakimu zinazofuata neno hilo hazisemi lugha moja. Katika 7x57, tarakimu ya kwanza ni kipenyo kwa milimita na ya pili ni urefu wa ganda. Katika .308, tarakimu ni sehemu ya inchi, kwa hiyo kipenyo ni milimita 7.8. Katika .30-06, tarakimu za mwisho si kipimo cha kitu chochote, bali ni mwaka 1906. Na ile kalibu 12, inayojulikana kuliko zote katika vijiji vya Kongo, haihesabu milimita wala inchi. Maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi hutoa kokwa 12 zinazoenea mtutu huo, kila moja ikiwa na gramu 38 hivi. Kwa hiyo kalibu 20 ni nyembamba kuliko kalibu 12, ingawa tarakimu yake ni kubwa zaidi. Mtafsiri asiyelijua hilo anaweza kumshauri msomaji kinyume kabisa cha alichokusudia mwandishi.

Sasa tuje kwenye masafa marefu. Risasi ikishatoka haina tena kinachoisukuma. Mambo mawili huanza kuifanyia kazi papo hapo: dunia huivuta chini, na hewa huizuia mbele. Dunia haijali uzito wala umbo. Huvuta kila kitu sawasawa. Kinachopambanua kiasi na kiasi ni muda ambao risasi hukaa angani. Risasi ya kawaida ya .308, yenye gramu 10.9 na mwendo wa mita 800 hivi kwa sekunde, hutumia takriban robo tatu ya sekunde kufika mita 500. Muda huo ni mfupi, lakini unatosha kuiangusha zaidi ya mita mbili na nusu chini ya mstari wa mtutu. Mpigaji hana budi kuijua hesabu hiyo na kuinua darubini yake kwa kadiri yake. Jambo hilo hata hivyo hujifunzwa, kwa kuwa mvuto wa dunia haubadiliki kutoka asubuhi hadi jioni.

Upepo ndio msumbufu halisi. Huvuma huku, ukanyamaza kule, na hauonekani. Dawa yake si risasi nene, bali ni risasi ndefu, nyembamba, yenye ncha kali na mkia uliochongwa, ambayo hewa hushindwa kuishika. Kiasi cha 6.5 Creedmoor, kilichotolewa Marekani mwaka 2007, kilitungwa kwa nia hiyo. Risasi yake ya gramu 9 ni nyepesi kuliko ile ya .308 na hutoka kwa mwendo usiopishana sana nayo. Lakini kwa sababu ya umbo lake, upepo wa ubavuni huisogeza kwa takriban theluthi moja pungufu katika mita 500. Pia haimpigi mpigaji begani kwa nguvu, na bega lisiloogopa hulenga vizuri zaidi. Kwa anayelenga shabaha ya karatasi iliyo mbali, hoja inakaribia kuishia hapo.

Lakini karatasi haina mfupa wala damu, nayo haikimbii. Mwindaji huuliza swali la pili: risasi itafanya nini ikishafika? Kwa swala na wanyama wa ngozi laini hutakiwa risasi inayofunuka kama ua, ili iharibu mapafu na kumwangusha mnyama upesi. Kwa nyati na wanyama wa mifupa mikubwa hutakiwa risasi ngumu au ile inayofunuka polepole, ipite mpaka moyoni bila kupasuka njiani. Risasi iliyokusudiwa karatasi hufaa vibaya kazi zote mbili.

Mfano unaotajwa mara kwa mara katika mjadala huu ni ule wa Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda pembe mwanzoni mwa karne ya 20. Aliingia Karamoja kutoka Mumias, kwa njia iliyokwisha kufunguliwa na wafanyabiashara Waswahili, na baadaye akawinda Lado, eneo lililokuwa mikononi mwa Leopold wa Pili hadi alipofariki mwaka 1909. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa kiasi kidogo cha 7x57. Nguvu ya kiasi hicho ni ndogo sana kuliko ile ya .375 Holland & Holland iliyotolewa mwaka 1912. Wengi wamesoma habari hiyo na kutoa fundisho rahisi kwamba kiasi chochote kinatosha. Wamesahau upande wa pili: Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo kutoka kila upande, alitumia risasi ngumu isiyofunuka, na alimsogelea mnyama karibu sana. Hakupiga kwa masafa marefu. Wale waliomwiga bila kusoma fuvu waliacha tembo wengi wakitanga na majeraha, na nchi kadhaa za Afrika zimeweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama wa hatari. Leo tembo wa Kongo analindwa na sheria, wala hakuna kiasi halali cha kumpigia. Lakini hesabu ya Bell inabaki palepale kwa nyati na kwa nguruwe-mwitu.

Kutokana na hayo inaonekana kwamba sifa za masafa marefu zina faida ndogo katika sehemu kubwa ya Kongo. Katika msitu wa Ituri jicho huzuiwa na majani baada ya hatua chache. Katika miombo ya Katanga mnyama huonekana mbali zaidi, lakini mara nyingi kuna vijiti katikati, na kijiti kimoja kinatosha kuipotosha risasi. Mahali kama hapo kiasi cha 9.3x62, alichokitunga Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi wa Afrika, kinafaa kuliko Creedmoor: risasi ya gramu 18.5, mwendo wa mita 700 na kidogo, na pigo la uhakika katika mita 100. Uwanda wa Marekani na milima ya Ulaya ina mahitaji yake; si lazima matangazo ya huko yawe sheria huku.

Kuhusu istilahi, ingefaa kiasi kirudishwe kwa «cartouche», risasi ibaki kwa «balle», marisau kwa «plomb», fataki kwa «amorce», na kalibu ishike mahali pa kalibre. Huenda mtu akapinga kwamba kiasi kina maana nyingine nyingi. Ni kweli, lakini «cartouche» nayo katika Kifaransa ni wino wa mashine ya kuchapia na ni mapambo ya ukutani, na hakuna Mfaransa aliyewahi kuingiza wino katika bunduki yake. Muktadha hutosha, na pasipotosha husemwa kiasi cha bunduki. Ile sentensi ya mwanzo basi ingesomeka hivi: «Mwindaji achague kiasi ambacho risasi yake ina uzito wa kutosha.»